Kicheko Kinapowaponyoka Waigizaji: Kosa au Neema?

Tarehe 1 Mei 2004, mwigizaji Lindsay Lohan akiwa mgeni mwalikwa, Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho kinachorushwa mubashara na televisheni ya NBC ya Marekani, kilirusha igizo la Debbie Downer, na karibu wote waliokuwa mezani wakaangua kicheko mubashara. Mpaka leo wapenzi wa vichekesho wanabishana kama usiku ule waigizaji waliharibu kazi au waliinogesha.

Igizo lenyewe halina mambo mengi. Familia imeketi kufungua kinywa katika mgahawa wa Disney World. Debbie, anayeigizwa na Rachel Dratch (aliyeliandika pamoja na Paula Pell), haachi furaha itulie. Mtu akiagiza nyama na mayai, yeye anataja kichaa cha ng'ombe. Wengine wakichangamka, anawakumbusha mlipuko wa treni Korea Kaskazini. Baada ya kila neno la mkosi, kamera inauvuta uso wake karibu, tromboni inalia kinyonge, na Debbie anabaki amenuna.

Mtego uko hapo kwenye tromboni. Kwa kawaida mwigizaji akimaliza mstari, mwenzake anadakia, na ile kazi ya kusikiliza na kujibu ndiyo inayomshikilia. Hapa hakuna wa kudakia. Uso umejaa skrini, studio nzima inacheka, naye kwa sekunde kadhaa hana la kufanya ila kununa. Dratch aliteleza kwenye mstari mapema, tabasamu likamtoka, na kuanzia hapo kila mlio ulimkuta bado anapambana na kicheko cha mlio uliopita. Lohan na Jimmy Fallon, waliokuwa naye mezani, nao wakashindwa. Mwenzao Horatio Sanz alifikia hatua ya kujifuta machozi kwa chakula cha sahanini mwake.

Wanaolaumu wana hoja nzito. Kipindi ni cha dakika 90 pamoja na matangazo ya biashara, na kinaanza saa tano na nusu usiku, watu wawe tayari au wasiwe tayari. Mazoezi ya mwisho hufanyika saa mbili usiku mbele ya watazamaji wengine, yakiwa na maigizo mengi kuliko nafasi iliyopo. Yakiisha, mtayarishaji mkuu Lorne Michaels anaamua yapi yaondolewe. Kwa hiyo muda unaoliwa na kicheko cha waigizaji lazima utoke mahali, na anayeumia ni igizo la mwisho, lile la karibu saa saba usiku, ambalo mara nyingi ndilo la ajabu na la kuthubutu kuliko yote. Michaels mwenyewe anajulikana kutopenda waigizaji wake wacheke; kwake huo ulikuwa mtindo wa The Carol Burnett Show, kipindi cha vichekesho cha zamani. Lakini kipindi kile kilirekodiwa mbele ya watazamaji mara mbili, kwa hiyo mwigizaji wake Tim Conway akimvunja mbavu mwenzake Harvey Korman, mhariri alikuwa na toleo jingine la kuchagua. Matangazo mubashara hayana akiba hiyo.

Hata hivyo, lawama hiyo inayachukulia maigizo yote kuwa sawa, nami siikubali. Debbie Downer ni mashine ya kurudia: mstari, uso, tromboni. Hakuna kisa cha kufuatilia, na mzaha mmoja hautegemei uliotangulia. Mwigizaji akianguka kwenye mzaha wa tatu, wa nne bado unasimama wenyewe. Igizo lenye kisa, tuseme la mahakamani ambapo shahidi anaficha jambo litakalofichuka mwishoni, haliwezi kuvumilia hivyo. Siri ikimezwa na kicheko, mwisho wote unakufa.

Kuna na suala la nguzo. Katika igizo jingine la kipindi hichohicho, lile la kengele ya ng'ombe la tarehe 8 Aprili 2000, Fallon alikuwa akihangaika kujizuia, lakini mgeni mwalikwa, mwigizaji Christopher Walken, alibaki mkavu kabisa, na ukavu wake ukalibeba igizo zima. Debbie Downer halikuwa na Walken. Liliokolewa na umbo lake, na pia na jambo ambalo wanaolaumu hawalipi uzito: Dratch hakuacha kupigana. Kila mara aliurudisha uso kwenye mnuno, na mtazamaji akawa anafuata mapambano hayo pamoja na mzaha.

Kipimo changu ni mapambano hayo. Bill Hader, mwigizaji mwingine wa kipindi hicho, akiigiza mhusika Stefon alikuwa akifunika mdomo kwa viganja kwa sababu mwandishi John Mulaney alimbadilishia mistari kwenye mabango ya maneno baada ya mazoezi ya mwisho, naye akaisoma kwa mara ya kwanza akiwa hewani. Huo ni mtego wa makusudi, lakini aliyenaswa alikuwa anajitahidi kweli kujinasua. Anayekitafuta kicheko ili apigiwe makofi anawapora wenzake muda, na mtazamaji anamtambua upesi.

Debbie alirudishwa hewani mara kadhaa baadaye, tromboni ileile, mnuno uleule. Linalokumbukwa ni la kwanza.