Eksternal ilale au iendelee kuzunguka?

Kwenye hii ishu ya setingi za kulala (kusimamisha mzunguko) za eksternal, yani hadi diski ya nje ya USB, kwa Linux kuna kambi mbili, wengine wanasema diski ikikaa dakika kumi bila kazi izimwe, wengine we acha izunguke tu, kuzima washa ndo kunaiua. Mi naona wote wako sawa ila kila mtu anaongelea diski yake.

Diski ya inchi 3.5 ikikaa bure inakula kama wati 4 hadi 6, ikilala inabaki kidogo sana, joto na kelele vinapungua. Sasa kama ni ya bakap inayoguswa mara moja usiku, masaa mengine yote inazungukia nini? Lakini umeweka dakika 10 halafu kuna programu inaigusa kila dakika 11, hapo inaamka mara 130 kwa siku, na kuamka ndo mota inavuta umeme mwingi kuliko muda wowote.

Shida kubwa ni watu kuchanganya -S na -B za hdparm, komandi ya Linux ya kuweka setingi za diski. -S ni saa ya kulala, kila namba ni sekunde tano mpaka namba 240, yani 120 ni dakika 10, ila kuanzia 241 inahesabu nusu saa nusu saa, kwahiyo ukitoka 240 kwenda 242 umeruka toka dakika 20 mpaka saa nzima (nani alipanga hivi jamani). -B, setingi ya kubana umeme, ndo ya kuogopa zaidi, kwa diski nyingi namba ya chini inafanya vichwa vya kusoma na kuandika vipaki pembeni hovyo hovyo. Angalia Load_Cycle_Count (idadi ya mara vichwa vimepaki) kwa smartctl, komandi ya kusoma afya ya diski, diski nyingi zimepimwa mizunguko 300,000 au 600,000, na vikipaki kila sekunde 30 hiyo 300,000 inaisha kwa siku kama 104 tu.

Na usiamini ukiona komandi imekubali, chipu za USB kwenye makasha mengi zinameza amri kimya kimya. Yangu ilikubali -S vizuri kabisa, narudi baada ya masaa bado inazunguka, nikahamia hd-idle, programu nyingine ya kulaza diski, ndo ikalala. Pia smartctl uiendeshe na -n standby, la sivyo inaweza kuamsha diski kila ikipima.

Mi ya bakap inalala baada ya dakika 20. Ya mafaili ya kila siku nimeiwekea -B 254 (karibu isibane umeme kabisa) na -S 0 (isilale), sitaki hata kuisikia ikizima.