Kabla hujauliza linakula lita ngapi, inama uangalie chini

Aprili mwaka jana, masika yakiwa yamekolea, nilisimama Lukozi, wilayani Lushoto, kumuuliza fundi mmoja hali ya barabara ya kwenda Mtae. Mzee wa makamo, ovaroli yake imeshiba oili. Baada ya kuitikia shikamoo yangu hakusema neno juu ya barabara. Alichuchumaa, akainama mpaka shavu likakaribia tope, akalitazama gari langu kwa chini kuanzia mbele hadi nyuma. Aliponyanyuka akafuta mikono kwenye tambara.

"Shafti ipo," akasema. "Nenda, mwanangu. Ila mlimani usisimame."

Tangu siku ile, kila anayeniuliza juu ya magari haya madogo ya haibridi, yaani ya injini ya petroli inayosaidiwa na mota ya umeme, yaliyoinuka kidogo, namrudishia maneno ya yule mzee. Gari langu ni Subaru XV e-Boxer, yaani XV ya haibridi, ya mwaka 2019, nimelichukua likiwa limeshatumika Japani. Nimelitumia mwaka mmoja na nusu: Jumatatu hadi Ijumaa kwenye foleni za Dar es Salaam, na kila baada ya miezi miwili au mitatu kwenda kumwona mama milimani Usambara. Na swali ninaloulizwa siku zote ni moja: "Linakula vipi mafuta?" Ni swali la haki, mafuta yakiwa ghali. Lakini naona tumelifanya ndilo swali pekee, na watu wananunua magari yasiyoweza kuwafikisha kwao.

Nieleze hilo la shafti. Kwenye XV, injini ya cc 1,995 yenye nguvu za farasi 145 inapeleka nguvu mbele na nyuma kwa vyuma, shafti ikipita katikati chini ya gari, muda wote, bila wewe kubonyeza chochote. Umeme umeongezwa juu ya mpangilio huohuo: mota ya kilowati 10 imekaa humohumo kwenye giaboksi, na betri ya lithiamu ya voti 118 iko chini ya sakafu ya buti. Betri ikichoka, matairi yote manne bado yanavuta.

Sasa chukua Toyota Yaris Cross ya haibridi, ile yenye mfumo wa E-Four. Ni gari zuri, nitalisifia hapa chini. Lakini nyuma hakuna shafti inayotoka mbele. Kuna mota yake ndogo ya umeme, kilowati 3.9, inayosukuma matairi ya nyuma pale ya mbele yanapoteleza. Kwa kuondokea penye theluji mjini, kama huko lilikotoka, hiyo inatosha kabisa. Kwa mlima mrefu wa udongo mwekundu uliolowa, gari lina watu wanne na magunia mawili ya viazi, usiitegemee. Tena tumbo la Yaris Cross liko milimita 170 kutoka ardhini, la XV ni 200. Sentimita tatu kwenye karatasi si kitu. Kwenye barabara ambayo malori ya kabichi yamechimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati, sentimita tatu ndizo zinazoamua kama utapita au utaning'inia juu ya tuta matairi yakizunguka hewani.

Na C-HR ya haibridi, hii toleo la kwanza iliyojaa mjini kwa umbo lake la kuvutia, inavuta mbele tu na tumbo lake liko milimita 140. Hiyo ni gari ya lami. Sura ya kuinuka imewadanganya wengi.

Turudi Lukozi. Kilomita chache mbele kuna kona inayopanda ikikunja kushoto, na siku ile maji yalikuwa yamekata korongo upande wa ndani. Nilipunguza hadi nikawa chini ya kilomita 20 kwa saa, nikabonyeza X-Mode, kitufe cha kusaidia kwenye utelezi, nikaanza kupanda. Tairi la mbele kushoto likaingia korongoni, la nyuma kulia likawa jepesi. Gari likateleza kiubavu kama hatua moja. Hapo chini nikasikia krr, krr, krr: mfumo unalishika breki tairi linalozunguka bure ili nguvu iende kwa lenye kukamata. Nilitamani kukanyaga mafuta, nikajizuia, mguu nikautuliza palepale. Likasita, likajivuta taratibu, likatoka. Sehemu kama hii ndipo nilipouelewa umeme wa gari hili. Mota inatoa nguvu papo hapo, kidogo na kwa ulaini, hata kabla injini haijakusanya mzunguko. Kwenye utelezi ulaini huo una thamani kuliko farasi wengi, kwa sababu tairi likishtuliwa tu linachimba.

Sitaki mtu asome hapa aende kuingia mtoni. Hakuna gia ndogo ya kutambaa kama ile ya Land Cruiser au Suzuki Jimny. Giaboksi ni CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, inayotumia mnyororo, na haipendi kulazimishwa muda mrefu kwenye mchanga mzito. Ikianza kulemewa, zima upumzike. Kinga ya chini ya injini ni plastiki. Na X-Mode hujitoa yenyewe ukipita kilomita 40 kwa saa. Ni gari la kupita kwenye barabara mbaya, maana barabara yenyewe lazima iwepo.

Mjini hadithi inageuka, na hapa nisingependa kumficha mtu ukweli. Kutoka Tegeta hadi Posta asubuhi, gari langu linanipa kama kilomita 11 kwa lita. Safari ndefu linafika 14. Japani wenyewe, kwa kipimo rasmi cha ulaji wa mafuta kiitwacho WLTC, waliliandikia kilomita 15. Yaris Cross ya haibridi inayovuta mbele tu iliandikiwa hadi 30.8 kwa kipimo hichohicho. Mota ya kilowati 10 kwenye gari lenye uzito wa zaidi ya tani moja na nusu haiwezi kufanya miujiza: inakusogeza kimya kwenye foleni mita kadhaa, halafu injini inawaka. Ukiwa umewasha AC, na Dar nani asiyewasha, inawaka mapema zaidi.

Kwa pesa ni hivi. Mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi mjini, kwa kilomita 11 kwa lita anachoma lita 91. Akiwa na gari la kilomita 20 kwa lita, anachoma 50. Lita ikiwa shilingi 3,000, tofauti inazidi kidogo shilingi 120,000 kila mwezi. Hiyo ni ada, ni umeme wa nyumbani, si pesa ya kupuuza. Kwa hiyo kama maisha yako ni Mbezi, Kariakoo na Morogoro mara moja kwa mwaka, chukua Yaris Cross na usigeuke nyuma. Nasema kwa moyo mweupe.

Kuna mambo mawili ambayo wauzaji hawayataji wakikuonyesha XV hii. La kwanza, tenki. XV ya petroli tupu inabeba lita 63. Hii ya haibridi inabeba 48. Kutoka Dar kupitia Chalinze, Segera na Korogwe hadi Mombo ni zaidi ya kilomita 300, kisha unaanza kupanda. Mimi hujaza Korogwe hata kama mshale uko nusu, kwa sababu juu kule sheli hazifuatani.

La pili ndilo linaloniuma zaidi: halina tairi la spea. Ukifunua sakafu ya buti unakuta betri na vifaa vyake, na pembeni kichupa cha dawa ya kuziba pancha pamoja na pampu ndogo. Dawa ile inaziba tundu la msumari. Jiwe la Usambara halitoboi, linapasua ubavu, na ubavu uliopasuka hauzibwi na chupa yoyote. Kitu cha kwanza nilichonunua baada ya gari ni tairi zima na rimu yake, linakaa butini limefungwa mkanda, linakula nusu ya nafasi. Mama hulalamika kwamba mzigo wake wa karoti haupati pa kukaa. Lakini Desemba iliyopita tairi hilo ndilo lililoniokoa njiani saa moja usiku, ukungu umeshuka, wanangu wamelala kiti cha nyuma. Tangu hapo karoti zinapakatwa.

Kushuka nako kuna somo. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo iko chini bondeni, kilomita 33 za kona tupu. Ukisikia haibridi inarudisha umeme kwenye betri ukiachia mafuta, unadhani mteremko huu utakulindia breki hadi chini. Haiwi hivyo. Betri ni ndogo mno kwa mlima mkubwa namna hii. Kabla sijafika maporomoko ya Soni, yaliyo njiani, dashibodi inaonyesha betri imeshajaa, na ikijaa haina pa kupokea. Kuanzia hapo ni breki zako na injini. Weka gia ya kushikilia mapema, usisubiri harufu ya breki ndiyo ikukumbushe. Nimeshaona gari limelala kwenye kona mojawapo, ndiyo maana nalisema kwa msisitizo.

Vumbi nitalipitia haraka. Haibridi nyingi hupoza betri kubwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari. Vioo wazi kwenye vumbi la Septemba, feni inakula vumbi hilo hilo. Funga vioo, na mwambie fundi asafishe njia ya hewa kila sevisi.

Mdogo wangu sasa anataka kununua. Anakaa Goba, na kila wiki ananitumia picha za Yaris Cross, nyekundu, nyeupe, nyeusi. Anapiga hesabu za mafuta vizuri, na hesabu zake ni sahihi. Lakini yeye ndiye anayempeleka mama kliniki Lushoto mjini, na nyumba ya mama iko juu ya kile kipande cha mwisho kinachopanda baada ya shule, ambacho bodaboda wenyewe hushuka na kusukuma mvua ikinyesha. Nimemwomba asilipe chochote hadi masika. Tutakwenda wote kwa gari langu, na kuanzia Lukozi atashika usukani yeye. Yule fundi tutampitia tena.