Debe la Mjomba

Baraza letu la mbao kule Shela, Lamu, lilikuwa linang'aa juu. Chini, boriti ukiibonyeza kwa kidole, kidole kinaingia. Fundi alifunua ubao mmoja tu akatikisa kichwa. Mbao zilipigiliwa zikashikana, maji ya masika hayana pa kutokea, upepo hauna pa kupita, na boriti zenyewe zimelala mchangani. Akataka zinyanyuliwe juu ya vipande vya zege, migongo ivikwe utepe wa lami, vichwa vilivyokatwa msumeno vipakwe dawa mara mbili maana hapo ndipo mti unapokunywa maji zaidi, na baina ya ubao na ubao iachwe nafasi ya milimita 5.

Mjomba, mzaliwa wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, akacheka hadi kofia ikamwanguka. "Jahazi linalala baharini, wewe baraza lako laogopa mvua? Lipake sifa!"

Fundi akanong'ona kwamba jahazi hupandishwa pwani likapakwa tena na tena, na baraza hatulifumui kila msimu. Lakini nani ambishie Mjomba?

Alasiri punda akaleta debe. Kama hujawahi kufungua debe la sifa, yale mafuta ya maini ya papa, mshukuru Mungu: harufu yake haianzii puani, inaanzia machoni. Tukazipaka boriti zote, fundi kajiziba pua kwa pembe ya kikoi, tukapigilia.

Magharibi paka wakaanza kufika. Lamu haina uhaba wa paka, lakini siku ile nadhani hata wa kisiwa cha Manda walivuka. Wakajaa chini ya baraza, wanalamba boriti na kuraruana, na juu yao wageni wangu wanakula pweza wa nazi, miguu wameipandisha vitini.

Nami nishavaa kanzu ya kwenda harusini. Nikajipenyeza chini na tochi na ufagio. Paka hawakutoka. Nilitoka mimi, mgongo mzima umelowa mafuta, na kanzu nyingine iko kwa dobi. Mke wangu akanimwagia marashi ya waridi. Nikawa nanukia kama papa anayekwenda kuposa.

Njiani nasikia watoto wanacheka. Kugeuka nyuma, msafara wa paka, mikia juu.

Ukumbini nilipokaa, safu nzima ikahama. Mjomba pekee ndiye aliyenipungia kutoka mbele, kwa sauti ya nahodha: "Mwanangu! Debe limebaki nusu. Kesho tupake na milango?"