Molekuli inayowaka ikikutana na zebaki: tuiamini hadi wapi?

Zebaki iliyoyeyuka majini haionekani. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 6 za zebaki isokaboni (isiyoungana na kaboni) kwa lita. Marekani imeweka 2. Mitambo ya maabara hupima hata chini ya hapo, ila ni ghali na humtaka mtaalamu. Ndiyo maana vichunguzi ving'aavyo vinavutia: unatia kemikali kidogo kwenye sampuli, unamulika taa, unasoma mwanga.

Mfano ninaoupenda ni wa rodamini, rangi ya maabara ing'aayo. Pete ya molekuli yake ikiwa imefungwa, haina rangi wala mng'ao. Wakemia huibandika kipande chenye salfa, maana zebaki na salfa hushikana mno. Zebaki ikiing'oa salfa ile, pete hufunguka, na umajimaji hugeuka waridi hata kwa macho matupu. Huo ni ufundi hasa, kwa sababu chembe nzito kama zebaki kwa kawaida huzima mng'ao, na kichunguzi kinachozimika tu hakisemi mengi: huenda kimezimwa na shaba, au na tope.

Kwa maji, basi, naviunga mkono kama mchujo wa kwanza, mradi vijaribiwe kwenye maji ya mto yenye chumvi na uchafu wake. Vingi hufanya kazi vizuri pale tu maji yanapochanganywa na viyeyushi kama ethanoli au asetonitrili.

Ndani ya seli hai ndipo ninaposita. Faida yake siikatai: mtambo huhitaji seli isagwe, kisha hutoa jumla, ilhali kichunguzi huonyesha zebaki imekaa wapi seli ikiwa bado hai. Lakini picha nyingi za kupendeza hupatikana kwa kuzilisha seli zebaki ya kiwango cha mikromoli. Mikromoli 1 kwa lita ni kama mikrogramu 200, zaidi ya mara 30 ya ukomo ule wa Shirika la Afya Duniani. Isitoshe, seli imejaa glutathioni, yenye salfa, kwa kiwango cha milimoli (mara elfu ya mikromoli), nayo huinyakua zebaki kabla kichunguzi hakijaigusa. Halafu rodamini ile ikishapoteza salfa hairudi ilivyokuwa: zebaki ikiondoka, taa inabaki imewaka. Kwenye chupa ya maji hilo halina neno. Kwenye seli linapotosha.

Na ugonjwa wa Minamata, Japani, uliotambuliwa rasmi mwaka 1956, ulitokana na methilizebaki, yaani zebaki iliyoungana na kaboni, iliyowafikia watu kupitia samaki na kombe. Kichunguzi kilichobuniwa kwa ioni (chembe yenye chaji) ya zebaki isokaboni kinaweza kukaa gizani mbele yake. Kwa hiyo, giza hilo lisiandikwe kwenye ripoti kuwa “hakuna zebaki” kabla sampuli ileile haijapita mtamboni.