Sura alizovaa Alec Guinness

Kila nikitaka kumsifu Alec Guinness, mwigizaji wa filamu wa Kiingereza, ile pua hunijia mbele.

Ni pua ya bandia aliyobandikwa na fundi wa vipodozi Stuart Freeborn ili aigize Fagin, mzee Myahudi anayefuga watoto wezi, katika Oliver Twist, filamu ya mwongozaji David Lean iliyotoka mwaka 1948. Freeborn alifuata michoro ya George Cruikshank iliyokuwamo katika riwaya ya Charles Dickens yenye jina hilo tangu karne ya 19, na michoro ile haikuwa na huruma kwa Myahudi. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu vita viishe na dunia ione yaliyotendeka katika kambi za Wanazi. Mwaka 1949 Wayahudi wa Berlin waliandamana nje ya sinema iliyokuwa ikiionyesha. Marekani haikuipokea hadi 1951, tena ikiwa imepunguzwa. Shida ni kwamba nyuma ya pua ile kuna uigizaji wa hali ya juu. Kijana wa miaka 33 amekuwa mzee mjanja, mchangamfu na mwoga kwa pamoja, na Guinness mwenyewe humwoni hata ukimtafuta.

Basi mwigizaji hodari ana ruhusa ya kuwa mtu yeyote? Wanaojibu ndiyo wana ushahidi mzuri, na ni wa mwaka uliofuata tu. Katika Kind Hearts and Coronets (1949) Guinness anaigiza watu wanane wa ukoo mmoja wa kimwinyi: kasisi, mwenye benki, jenerali, amiri wa manowari, hata bibi mmoja anayedai wanawake wapige kura. Mwanzoni aliombwa achukue nafasi nne. Mwenyewe alisimulia kwamba alipeleka simu ya maandishi kuuliza kwa nini zisiwe nane. Mawigi na masharubu yamejaa, lakini anayechekwa ni tabaka lililokuwa likitawala Uingereza, na hapakuwa na mwana wa lodi aliyekosa mkate kwa sababu Guinness alivaa joho la babu yake.

Yeye mwenyewe hakutoka huko. Alizaliwa London tarehe 2 Aprili 1914, na kwenye cheti chake cha kuzaliwa nafasi ya jina la baba iliachwa wazi. Alianza kazi kwa kuandika matangazo ya biashara kabla hajaingia jukwaani. Wanaoandika maisha yake hupenda kulitumia pengo lile la cheti kufungulia kila mlango: asiye na baba, wanasema, huwa huru kujizua. Mimi naona ni rahisi mno. Wasiotajiwa baba ni wengi, na waliocheza watu wanane katika filamu moja wanahesabika.

Kinachonishawishi zaidi ni namna alivyofanya kazi. Alikuwa akiutafuta kwanza mwendo wa mhusika, yaani anavyotembea, na sura ikafuata baadaye. Katika The Bridge on the River Kwai, iliyopigwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) na kutoka 1957, kuna mahali Kanali Nicholson, Mwingereza aliyetekwa na Wajapani vitani, anatolewa katika kibanda cha bati alimofungiwa juani. Anavuka uwanja mbele ya askari wake, miguu inakataa, mgongo unalazimisha. Guinness alieleza kwamba mwendo ule aliutoa kwa mwanawe Matthew, aliyepooza kwa polio utotoni na kujifunza kutembea upya. Jukumu hilo lilimpa Oscar, na usoni hakuwa amebandikwa kitu.

Halafu tunafika jangwani, na hapo hoja inapinda. Katika Lawrence of Arabia (1962) Guinness ni Mwanamfalme Faisal, kiongozi wa kweli wa uasi wa Waarabu dhidi ya Waturuki, amepakwa rangi na kuvishwa kilemba. Anayetetea atasema alifanana na Faisal kiasi kwamba, kwa maelezo ya Guinness mwenyewe, huko Jordan alikutana na watu waliomfahamu marehemu nao wakashtuka. Ni kweli pia kwamba Faisal wake ni mtu mwenye akili na hadhi, si kikaragosi. Ila lafudhi alisema aliiokota kwa kuzungumza na Omar Sharif, Mmisri aliyekuwa palepale, katika filamu ileile. Mwarabu anatoa sauti, Mwingereza anapata ufalme. Ningependa kuishia hapo na kufunga kesi, lakini Sharif mwenyewe ananizuia. Miaka mitatu baadaye Lean huyohuyo alimpa Mmisri huyo nafasi ya daktari wa Kirusi katika Doctor Zhivago, na Guinness akawa ndugu yake wa baba mmoja. Kama rangi ya kuazima ni kosa kila mahali, tumnyang'anye na Sharif Urusi yake?

Sidhani. Tofauti ninayoiona ni ya hesabu tu: Sharif alikuwa mmoja aliyepenya, ilhali Waingereza na Wamarekani waliocheza Waarabu, Wahindi na Wajapani walikuwa utaratibu wa kawaida wa kazi. Guinness alikuwa na sehemu yake katika utaratibu huo. Mwaka 1961 alikuwa Mjapani katika A Majority of One. Mwaka 1984, Guinness akiwa na miaka 70, Lean alimpaka tena rangi awe Profesa Godbole, Mbrahmini (Mhindu wa tabaka la makuhani) wa A Passage to India. Safari hii alizungukwa na waigizaji wa Kihindi, Victor Banerjee, Saeed Jaffrey na Roshan Seth, na kila anapotokea unaona vipodozi kabla ya mtu. Lean aliikata ngoma yake ya Kihindu, jambo lililomuuma Guinness. Kwa hilo nipo upande wa mkasi.

Star Wars ya 1977 naipita haraka. Watoto wa dunia nzima walimjua kwa joho na upanga wa mwanga, yeye akalalamikia maneno ya muswada kwenye barua zake, na asilimia mbili na ushei ya mapato ikamtunza hadi alipofariki Agosti 2000. (Freeborn naye, yule wa pua, ndiye aliyeiunda sura ya Yoda, yule mzee mdogo wa kijani wa filamu hizo.)

Guinness ninayerudi kwake ni wa televisheni, wa Tinker Tailor Soldier Spy (1979) na Smiley's People (1982). Ili amjue George Smiley, jasusi mstaafu, alimwomba John le Carré, mwandishi wa riwaya hizo, amkutanishe na jasusi wa kweli, wakala mezani na Maurice Oldfield aliyewahi kuongoza idara ya ujasusi ya Uingereza. Akarudi na koti, miwani mizito na ukimya mrefu. Kwenye tukio la mwisho la Smiley's People amesimama usiku karibu na daraja la Berlin, adui wa maisha yake anavuka kuja kujisalimisha. Adui anadondosha kiberiti cha gesi alichompora Smiley miaka mingi nyuma, zawadi ya mkewe. Guinness anakitazama pale chini, na hakiokoti.