Ofisi ya faili la nidhamu sio ya kwenda kulia

Juzi nimeletewa tangazo hapa steshenari nitoe kopi za kubandika kwenye mbao za matangazo za chuo, nikalisoma wakati mashine inapiga, nikalisoma tena, tangu siku hiyo sijatulia. Linasema wanafunzi wote "wenye changamoto za afya ya akili" waandikishe majina kwa CR, yaani mwakilishi wa darasa lao, kabla ya Ijumaa, CR atapeleka orodha ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, halafu wataitwa kwa zamu. Yaani majina, kwa CR! Kijana hajalala wiki nzima, haoni kesho yake, halafu aende kwa mwanafunzi mwenzake amwambie na mimi niandike. Chuo sikitaji, na shida yangu sio chuo kimoja.

Mimi sio daktari, kazi yangu ni kuchapa. Nachapa ripoti za fildi, nachapa wasifu, najaza na watoto fomu za mkopo, na nachapa barua za kuomba kuahirisha masomo. Hizi za kuahirisha ukizisoma zina sababu mbili tu, ugonjwa au matatizo ya kifamilia. Mtu anakaa hapo kwenye benchi anakusomea kwa sauti ya chini unachapa, akifika kwenye sababu anasita, anakuuliza "dada, hapo tuandikeje?" na wewe unamuona kabisa hii sio malaria, nguo zinampwaya, macho yamezama, anasahau hata namba yake ya usajili. Tunaandika ugonjwa. Anasaini, anaondoka, na wengine siwaoni tena.

Na hawa watoto wanatoka mbali jamani. Makete, Ludewa, Chunya, Ileje, huko ndani kabisa. Wengine ni wa kwanza kwenye ukoo kukanyaga chuo, baba kauza miti haijakomaa ili ada ipatikane, kijijini wakachangishana, kanisani wakamuombea mbele ya watu wote. Sasa huyo akipata sapu 3, mitihani ya kurudia, semista ya kwanza atampigia nani simu? Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, kweli lilipanda 2022 kutoka 8,500 kwa siku kwenda 10,000, nashukuru, lakini likichelewa limechelewa, na yupo ambaye hana mkopo kabisa, anakula mlo mmoja na mwezi wa 7 baridi ya Mbeya mnaijua. Shirika la Afya Duniani linasema kujiua ni sababu ya 3 ya vifo kwa watu wa miaka 15 hadi 29, umri huohuo wa kuwa chuoni. Halafu umri huo ndio ambao magonjwa makubwa ya akili mara nyingi yanaanza kujionyesha, mtu anaanza kusikia sauti, anaona wenzake wanamsema, na huku kwetu jibu liko tayari mdomoni, amerogwa, watu wa kijijini wana wivu na msomi. Miezi inaishia kwa mganga wakati kila siku inayopita bila matibabu inafanya kupona kuwe kugumu zaidi.

Ila leo sio waganga waliosababisha niandike. Ni hiyo ofisi.

Kwenye vyuo vingi ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ndiyo inagawa vyumba vya hosteli, ndiyo wenye nyumba wa mtaani wanapeleka malalamiko, ndiyo unaulizia mambo ya mkopo na bima, serikali ya wanafunzi iko chini yake, kesi za nidhamu zinaanzia hapo, na mwisho kabisa wa orodha hiyohiyo wameandika ushauri nasaha. Mtu mmoja, meza moja, kabati moja la mafaili. Sasa mchukue kijana ambaye pombe imemshinda. Iringa msimu wa mvua ulanzi upo kila kona, huku kwetu kuna vile vikali vya bei ya chini, ameanza na wenzake Jumamosi, sasa hivi anakunywa peke yake geto na asubuhi mikono inatetemeka. Anajua anazama na anataka msaada. Akienda hapo akasema ukweli, anamwambia mtu ambaye mwezi ujao wanaweza kukutana tena kwenye kikao cha nidhamu, yeye amesimama na mwenzake amekaa na karatasi. Wewe ungesema? Mimi nisingesema, ningejibu nina stresi kidogo ya mitihani nikatoka zangu.

Binti ambaye lekchara anamsumbua, anamwambia waonane au alama zake zitapotea, huyo ndiye ananiumiza zaidi. Rushwa ya ngono ni kosa kwa sheria ya 2007 ya kupambana na rushwa, kifungu cha 25, sheria ipo. Lakini huyo binti kabla hajawa shahidi wa TAKUKURU ni mtu anayetetemeka, hali chakula, haingii darasani, anahitaji kwanza mahali pa kukaa aseme kilichotokea bila kuulizwa ushahidi. Anapelekwa wapi? Kwa mfanyakazi mwenzake na huyo lekchara, wanaokaa kikao kimoja na kunywa chai pamoja saa 4. Hata kama huyo mshauri ni mtu mwema kupita wote, binti hana namna ya kujua, na kwa jinsi anavyoumia hawezi kujaribu bahati.

Watu wanadhani ushauri nasaha ni kupewa maneno ya busara. Ingekuwa hivyo wangepona wote maana maneno ya busara bongo hii hayajawahi kuadimika. Kinachosaidia ni kwamba kuna mtu mmoja umemwambia chote, hashtuki, hakuhukumu, wiki ijayo unarudi mnaendelea mlipoishia, na kinabaki humo chumbani, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, na hilo anakwambia mapema kabla hujafungua mdomo. Kuna maswali 9 yanayotumika nchi nyingi kupima sonona, yaani depression. Yanauliza kuhusu wiki 2 zilizopita, kama umekosa raha na vitu ulivyopenda, usingizi, hamu ya kula, kama unajiona umeshindwa na umeiangusha familia yako, na swali la 9 linauliza kama umewaza ni bora ufe au ujidhuru. Niambieni, hilo la 9 nani atalijibu kweli mbele ya mwenye faili lake? Atajibu hapana, fomu itaonyesha mzima, chuo kitaandika kwenye ripoti kwamba huduma inatolewa.

Na hapo hatujagusa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai nchi hii. Kuwaza tu sio kosa, lakini aliyekwisha kujaribu akiliongea hilo ofisini anajiona anakiri kosa kabla hata hajapewa maji ya kunywa. Ghana walilifuta la kwao 2023, Kenya Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu chao cha 226 kinapingana na katiba. Wabunge wetu wa nyanda za juu kusini mpo, lisimamieni.

Najua nitaambiwa hela hakuna. Sawa, vyuo havina hela, hilo nalikubali kwa shingo upande kwa sababu hela za mahafali huwa zinapatikana. Na nakubali wapo Washauri wa Wanafunzi wenye moyo kweli, nimesikia wa kutoa nauli mfukoni kwake mtoto arudi nyumbani. Lakini moyo wake haubadilishi kilichomo kwenye kabati lake. Zimbabwe nao sio matajiri, na 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa mtaani Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu kwa utaratibu maalumu, wakiwa na wataalamu nyuma yao wa kuwasimamia, wakaiita Friendship Bench, yaani benchi la urafiki. Utafiti wao ukatoka 2016, waliohudumiwa na wale bibi baada ya miezi 6 dalili zao zilikuwa zimepungua kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hana faili la mtu, hajui GPA yako, ule wastani wa alama, hawezi kukunyima chumba. Mbeya na Iringa tuna manesi wastaafu na walimu wastaafu wangapi wako nyumbani, na wanafunzi wanaosomea saikolojia na ustawi wa jamii wanahangaika kutafuta pa kufanya fildi chini ya usimamizi?

Fellowship nazo, vile vikundi vya Kikristo vya wanafunzi kama TAFES, CASFETA, TMCS, siwasemi vibaya, yupo mtu aliyevuka usiku wake mmoja kwa sababu mwenzake aligonga mlango wakasali. Ila yule kiongozi anayemwambia mwenye sonona kwamba imani yake ni ndogo, naomba aache, aache kabisa.

Ninachotaka ni kidogo. Mnasihi, yaani mtoa ushauri nasaha, aajiriwe kama mnasihi na asiingie kikao cha nidhamu hata kama akidi haijatimia. Chumba chake kisiwe kwenye jengo la utawala ambapo ukipanga foleni wanaolipa ada wanakuona, kiwe maktaba, kiwe zahanati ya chuo, mahali mtu anaweza kuwa amekwenda kwa sababu yoyote. Kuwe na namba ya kutuma meseji kuomba nafasi bila jina. Daftari lake asilisome mtu wa utawala. Na barua ya kuahirisha masomo ikija na muhuri wa mnasihi au daktari chuo kisidai maelezo ya ugonjwa ni upi.

Na wewe mwanafunzi unayesoma hii, usisubiri chuo kibadilike. Ile 50,400 unayolipia bima kila mwaka ni yako, itumie. Hapa Mbeya nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, kwingine hospitali ya rufaa ya mkoa, dirishani sema nataka kuonana na watu wa afya ya akili, yanatosha, mengine utamwambia daktari. Wakikutania mtaani kwamba wewe ni wa Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma, waache waseme. Ukipewa dawa usiziache wiki ya kwanza ukisema hazifanyi kazi, za sonona zinachukua wiki kadhaa ndio uone nafuu. Nenda na mtu unayemuamini, rafiki, mama mwenye nyumba, hata mimi hapa ukija nafunga duka tunapanda bajaji. Na kama mawazo ya kufa yamekukalia leo, usilale peke yako, gonga chumba cha jirani sasa hivi mwambie naogopa kubaki mwenyewe, na muende wote mapokezi ya dharura, usiku huohuo, pako wazi.