Karanga za Kongwa na kicheko chetu

Mpango wa Karanga wa Kongwa, ule wa Waingereza kulima karanga za mafuta kule Dodoma, huwa tunausimulia kwa kicheko, na Waingereza wenyewe ndio waliotupa sababu. Vita vya pili viliwaacha wakipata mafuta ya kula kwa mgao. Mwaka 1946 wataalamu wao wakaja kukagua kwa wiki tisa, ardhi nyingi wakiitazama kutoka kwenye ndege, wakarudi na hesabu zao: ekari zaidi ya milioni tatu za karanga, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa pauni milioni 25 hivi. Kazi ikaanza 1947. Matrekta yalipoadimika, hata vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta.

Ugogoni, nchi ya Wagogo ilipo Kongwa, mashine zikakutana na mibuyu, na vichaka ambavyo juu ni fito tu lakini mizizi yake haikatiki. Udongo nao, mvua ikinyesha unalimika. Jua likishika unakauka kama saruji. Na karanga huzaa chini ya ardhi! Haya, zing'oe.

Mvua yenyewe kule ni ya kubahatisha, jambo ambalo mzee yeyote wa Kigogo angewaeleza bila kudai posho. Hawa ni watu wanaozipa njaa majina. Ile ya 1917 hadi 1920 waliiita Mtunya. Walipanda uwele na mtama, wakafuga, wakahamisha ng'ombe kufuata malisho. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikasalimu amri, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea.

Wengi hufunga kitabu hapo: Mzungu kashindwa, tucheke. Mimi naona tungefungua ukurasa wa pili. Mwaka 1971 ilikuja Operesheni Dodoma, ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, Ugogo uleule, safari hii kwa amri yetu wenyewe. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja.

Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji karibu na watu. Siwezi kuyapima mafuta ya Waingereza na darasa la mtoto wa Kigogo kwenye mzani mmoja. Wala siubebeshi mpango wa vijiji lawama zote za upungufu wa chakula wa miaka ile, maana ukame nao ulikuwepo. Ila namna ya kuamua ilifanana mno: ramani mezani, tarehe ya mwisho, na mwenye ardhi kuambiwa badala ya kuulizwa. Ukiwakusanya wafugaji na wakulima mahali pamoja kwenye nchi kame, mashamba yanakuwa mbali na nyumba, na ng'ombe wote wanang'ang'ania nyasi zilezile. Hili nalo wazee walilijua.

Shuleni tulikariri sababu za karanga kushindwa: ukame, udongo, mashine mbovu. Alama tukapata. Natamani walimu wangeongeza swali moja, nani hakuulizwa, na wasikubali jibu linaloishia 1951.